Gunia Lililorudishwa: Kahawa ya Kilimanjaro na Amana ya Jina

Katika msimu wa kahawa uliopita, kamati ya msikiti wetu ilipeleka magunia matatu ya matunda ya kahawa kwenye mtambo wa chama cha ushirika. Mawili yalipokewa. La tatu lilirudishwa mbele ya majirani waliokuwa wakisubiri zamu zao. Tumeona ni vema kuisimulia habari hii, ingawa ndani yake mna aibu yetu, kwani imetufundisha jambo ambalo darasani tulilisoma kwa miaka mingi bila kulionja.

Kihamba chenyewe kipo kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Mmoja wa wazee wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikiweka wakfu kwa sharti kwamba pato lake liendeshe madrasa. Ni shamba dogo lenye mibuni ipatayo 200 chini ya migomba na miringaringa, na mfongo unaoleta maji kutoka juu hupita ukingoni mwake. Posho ya walimu wetu wawili hutoka humo.

Kwa muda mrefu posho hiyo ilikuwa haba. Kahawa yetu tulimenya na kuianika wenyewe, kisha tukamuuzia mnunuzi yeyote aliyepita na mizani yake. Yeye aliichanganya na ya wengine na kwenda zake. Ndipo baadhi ya wajumbe wakashauri tung'oe mibuni tupande nyanya. Shauri hilo halikuwa la kipuuzi. Katika vihamba vingi mibuni imezeeka, maradhi ya chulebuni na kutu ya majani yameitafuna, na mirathi imeyagawa mashamba hadi kila mrithi amebaki na kipande kisichomtosha. Vijana wengi wamekwenda mijini. Wakfu hauuzwi wala haurithiwi, lakini kubadili zao kwa maslahi ya wakfu ni jambo la kujadiliwa. Tulilijadili vikao vitatu. Mwishowe tuliafikiana kwamba kabla ya kung'oa, tujaribu msimu mmoja kuiuza kahawa hii kwa jina lake.

Kahawa na kimo cha mlima

Kuna kahawa inayochanganywa kutoka nchi na mashamba mbalimbali, na kuna kahawa ya chimbuko moja, yaani iliyotoka eneo moja linalojulikana, ikahifadhiwa peke yake tangu kuchumwa hadi kukaangwa. Mnunuzi wa kahawa ya aina hii hulipia ladha ya mahali. Hutaka kujua ni mlima gani, kimo gani, na mikono ya nani iliyoichuma.

Kimo kina kazi yake. Kahawa ya Arabika katika Kilimanjaro hulimwa zaidi kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Huko usiku una baridi, na tunda huiva polepole. Kwa kuiva taratibu, punje ndani yake hushikamana na kuwa ngumu, na sukari yake hupata muda wa kukomaa. Ndiyo sababu kahawa ya mlimani huwa na ukali mwororo ulimini, unaokumbusha tunda, tofauti na ya nyanda za chini. Kivuli cha migomba na udongo wa volkeno huongeza neema hiyo.

Wala mmea huu si mgeni katika historia ya Waislamu. Asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia, lakini ni katika milima ya Yemen ulikolimwa na kuuzwa kwa wingi, ukasafirishwa kupitia bandari ya Mokha. Katika karne ya 15 masufi wa Yemen waliinywa kahawa ili wakeshe katika dhikri. Neno letu kahawa limetokana na neno la Kiarabu qahwa. Huku Kilimanjaro mbuni uliletwa na wamisionari Wakatoliki mwishoni mwa karne ya 19, na wenyeji wakaufanya wao. Mwaka 1933 wakulima waliunda KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoiuza kahawa yao kwa pamoja. Jina la Kilimanjaro katika soko la kahawa, kwa hiyo, ni kazi ya vizazi. Sisi tumelikuta limekwisha kujengwa.

Mkono ndani ya gunia

Sasa turejee kwenye gunia letu. Kahawa huvunwa huku kati ya Julai na Desemba, na matunda ya tawi moja hayaivi siku moja. Mchumaji hupaswa kurudi kwenye mti uleule mara kadhaa, akichagua yaliyo mekundu tu. Sisi tulikuwa na haraka. Tuliwalipa vibarua kwa idadi ya madebe, nao wakafanya kile ambacho malipo ya namna hiyo huwafundisha watu: walikwangua tawi zima, mabivu kwa mabichi. Jioni tulipojaza magunia, mmoja wetu aliona rangi ya kijani. Tukasema yatapotelea humo. Gunia la tatu tukalifunika kwa matunda mekundu juu.

Karani wa mizani alikuwa kijana aliyesoma katika madrasa yetu. Aliwaamkia wazee shikamoo, kisha akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko na kutoa konzi ya matunda kutoka chini. Alitazama mkono wake kwa muda.

"Wazee wangu, nisameheni," alisema. "Hili siwezi kulipokea. Nikilichanganya na ya wenzenu, nitakuwa nimewadhulumu wote."

Hakuna aliyemjibu. Kila mmoja wetu aliikumbuka habari ya Mtume (s.a.w.) aliyepita sokoni, akaingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta unyevu chini yake. Mwenye mali alisema ni mvua iliyomnyeshea. Mtume (s.a.w.) alimuuliza kwa nini hakuuweka huo unyevu juu watu wauone, kisha akatoa onyo kali juu ya mwenye kughushi. Hadithi hiyo tumemfundisha kijana yule sisi wenyewe, na siku ile akawa ndiye anayetufundisha.

Alikuwa na haki hata kwa hesabu ya dunia. Inahitajika kilo 5 hadi 6 za matunda mabivu kupata kilo 1 ya kahawa safi, na tunda bichi huacha ukakasi usiofichika. Mtamboni kahawa ya wakulima wote humenywa, huvundikwa, huoshwa na kuanikwa juu ya vichanja kwa pamoja. Waonjaji huionja kabla haijauzwa. Ukakasi wa gunia moja huwa ukakasi wa kijiji kizima, na jina ambalo babu zetu walilijenga hushuka bei mikononi mwetu.

Tulichorekebisha

Tulilibeba gunia lile kurudi msikitini, tukalimwaga juu ya mkeka, na wajumbe wote, imamu akiwa miongoni mwao, wakachambua tunda moja moja hadi magharibi. Karibu theluthi moja ilitolewa. Tangu siku hiyo vibarua tunawalipa kwa siku, wala hatuwahimizi kwa madebe. Tunachuma kila baada ya majuma mawili. Kabla ya kupeleka, tunayatia matunda katika maji na kuyaengua yanayoelea, kwani hayo ndiyo mapungufu. Mizigo yote iliyofuata ilipokewa.

Kwa akina mama na akina baba wa mlimani wasomao ukurasa huu, tunalo ombi moja zaidi. Bakisheni kahawa kidogo ya shamba lenu kwa ajili ya nyumba. Tuliona haya kugundua kwamba katika darasa zetu za usiku tulikuwa tukinywa unga wa kopo la dukani, ilhali tumezungukwa na mibuni. Ikobolewe, ikaangwe kwenye chungu kwa moto wa wastani huku ikikorogwa bila kupumzika, iepuliwe kabla haijawa nyeusi kama mkaa, ipoe, kisha itwangwe. Tangawizi na iliki si vibaya, lakini kikombe cha kwanza kinyweni bila viungo. Watoto nao wainuse na kuambiwa ni ya mti upi. Mtoto anayeijua harufu ya shamba lake hatakuwa mwepesi wa kuling'oa.

Malipo ya awali tumekwisha kuyapokea, na walimu wamelipwa kwa wakati. Malipo ya pili yanasubiri mauzo, na kama yatatosha au hayatatosha, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Hesabu yake itasomwa mbele ya waumini baada ya sala ya Ijumaa, ikiwa ni pamoja na theluthi ile tuliyoitoa katika gunia la tatu. Suala la nyanya litajadiliwa tena siku hiyo. Kwa sasa mibuni ya wakfu ingali imesimama, na iliyozeeka tumeanza kuipogoa.