Kushusha Antena ya Zamani Bila Kupoteza Uhai



Ukipita katika vijiji na miji yetu midogo utaona juu ya paa nyingi mlingoti wa bomba la chuma au wa mti, na juu yake antena ya televisheni yenye vijiti kama mifupa ya samaki. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970. Tanzania Bara ilianza kupata vituo vya televisheni mwaka 1994. Aliyekaa mbali na mtambo wa kurushia matangazo alilazimika kuinua antena juu sana ili apate picha.

Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya zamani ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Miji mingine ikafuata kuanzia mwaka 2013. Watu wakanunua ving'amuzi, wengine wakaweka madishi. Antena nyingi zikabaki juu ya paa bila kazi.

Si kila antena ya zamani ni takataka, maana viko ving'amuzi vinavyotumia antena ya aina hiyo. Kama yako inafanya kazi na mlingoti umesimama imara, iache. Lakini kama mlingoti umeinama, waya zinazoushikilia zimeliwa na kutu, au mbao zimeliwa na mchwa, lazima ushushwe kabla upepo haujauangusha. Namna ya kuushusha ndiyo inayoamua kama kazi itaisha salama.

Umeme ulikuja baada ya antena

Katika vijiji vingi antena ilisimamishwa kabla umeme haujafika. Watu waliwasha televisheni kwa betri ya gari au jenereta. Wakati huo mlingoti ungeweza kuangukia upande wowote bila kugusa waya wa umeme. Baadaye, kwa kazi ya Wakala wa Nishati Vijijini, ambao sheria yake ilipitishwa mwaka 2005, nguzo zilisimamishwa na nyaya zikapita karibu na nyumba zetu. Mlingoti ni ule ule, lakini pembeni yake kuna kitu kipya kinachoua.

Umeme wa nyumbani ni volti 230, na huo peke yake unatosha kuua. Nyaya za njia kubwa zina volti 11,000 au 33,000, na nyingi hazikuvikwa plastiki. Bomba la chuma likizigusa, umeme hupita katika bomba, katika mikono ya aliyelishika, na kuingia ardhini.

Wako wanaodhani kwamba wakizima swichi kuu wamemaliza hatari. Sivyo. Swichi kuu hukata umeme wa ndani ya nyumba tu. Waya unaotoka nguzoni hadi nyumbani hubaki na umeme.

Pima kabla ya kupanda

Kadiria urefu wa mlingoti pamoja na antena yake. Kisha pima kwa hatua ardhini, kutoka chini ya mlingoti hadi chini ya waya ulio karibu. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni kama mita 1. Usipime kwa kuinua mti au fito juu.

Umbali huo uwe angalau mara mbili ya urefu wa mlingoti. Kama mlingoti ni mita 6, waya uwe mbali kwa mita 12 au zaidi, kwa sababu mlingoti ukianguka kutoka juu ya paa huteleza na kwenda mbali kuliko urefu wake. Kama waya uko karibu zaidi ya hapo, usianze kazi. Nenda ofisi ya TANESCO ueleze, ili wazime umeme au watume fundi wao.

Pia waulize watu wa nyumbani: je, kuna aliyewahi kupigwa shoti alipogusa bati au ukuta wenye maji? Kama yupo, huenda bati zina umeme. Asipande mtu. Aitwe fundi wa umeme kwanza.

Siku ya kazi

1. Chagueni asubuhi kavu, isiyo na upepo wala wingu la mvua.
2. Wawepo watu wazima wasiopungua 3. Aliyekunywa pombe, mwenye kifafa au kizunguzungu asipande.
3. Chomoeni televisheni na king'amuzi katika umeme, kisha mtenganishe waya wa antena.
4. Kagueni kila kipandio cha ngazi. Kwa kila mita 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita 1 kutoka ukutani. Mtu mmoja aishike muda wote.
5. Juu ya bati kanyageni penye mstari wa misumari, maana ndipo penye mbao chini. Paa la asbesto lisikanyagwe kabisa. Huvunjika ghafla, na vumbi lake hudhuru mapafu.
6. Tazameni kama kuna nyigu. Mtu anayeumwa na nyigu huruka bila kufikiri.
7. Fungeni kamba katika mlingoti kabla ya kulegeza waya wowote. Walio chini waushushe polepole kuelekea upande usio na nyaya. Watoto wakae mbali.

Mlingoti ukiponyoka, uacheni uanguke. Msijaribu kuudaka. Bomba lile huuzwa kama chuma chakavu kwa fedha kidogo. Baba au kijana wa nyumba ile hanunuliki.

Ajali ikitokea

Mtu akinaswa na umeme, usimguse. Kama ni umeme wa ndani, zima swichi kuu. Kama ni waya wa nguzoni, kaa mbali kwa mita 10 au zaidi, uwazuie wengine, na uwaite TANESCO. Usitumie mti kuusukuma waya huo. Umeme mkubwa unaweza kupita hata katika mti.

Ukishakatwa umeme, mwangalie. Kama hajitambui na hapumui, mlaze chali juu ya kitu kigumu. Bonyeza kwa nguvu katikati ya kifua, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpokezane bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Usimmwagie maji wala kumnywesha maziwa. Hata akiamka na kusema mzima, apelekwe kituo cha afya, kwa kuwa umeme huweza kudhuru moyo ndani kwa ndani.

Mtu akianguka na kulalamika shingo au mgongo, au kama hasikii miguu, msimkalishe wala kumpakia katika pikipiki. Shikeni kichwa na mwili vikae katika mstari mmoja, mmlaze juu ya mlango au ubao mpana, na mmpeleke hospitali yenye eksirei. Kumwinua vibaya kunaweza kumpooza aliyekuwa bado na nafasi ya kutembea.

Aliyechomwa na msumari au kukatwa na bati aoshe jeraha kwa maji mengi safi na sabuni. Asipake kinyesi cha ng'ombe, majivu wala mafuta ya taa. Aende zahanati siku hiyo hiyo akaangaliwe kama anahitaji sindano ya pepopunda. Watu husema kutu ndiyo huleta pepopunda. Ukweli ni kwamba vijidudu vyake hukaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na hustawi ndani ya jeraha lenye kina, hata kama msumari ulikuwa mpya.

Maswali ya kujadili

1. Katika kitongoji chenu ni nyumba zipi zenye mlingoti ulio karibu na nyaya za umeme?
2. Kwa nini kuzima swichi kuu hakutoshi?
3. Mtu akianguka kutoka juu ya paa leo, tutambeba kwa kitu gani, na kwa usafiri gani?

Kinga ni bora kuliko tiba.