Hita ndogo iliyowasumbua wapima nyota

Je, unawezaje kujua kama nyota imefifia kweli, au ni kamera yako imetikisika? Swali hilo liliwasumbua wanasayansi wa darubini ya anga Spitzer, iliyorushwa na Marekani mwaka 2003 kupima miale ya joto tusiyoiona kwa macho.

Picha, kama zile za simu zetu, huundwa na vinukta viitwavyo pikseli. Katika Spitzer, kila pikseli ilipokea mwanga vizuri zaidi katikati kuliko pembeni. Darubini ilipoyumba kidogo, nyota ilionekana kufifia. Sayari ikipita mbele ya nyota, nayo hupunguza mwanga, mara nyingi chini ya asilimia 1. Utatofautishaje?

Fundi asingeweza kuifikia. Wahandisi waligundua kwamba chanzo ni hita ya betri, iliyowaka na kuzimika kila baada ya saa hivi. Mwaka 2010, wakiwa duniani, walifupisha mzunguko wake, na myumbo ukapungua kwa nusu.

Mwaka 2017 Spitzer ilisaidia kuthibitisha kwamba nyota TRAPPIST-1 inazungukwa na sayari saba. Tunajifunza kwamba kabla ya kuamini kipimo, ni lazima kukijua kwanza chombo kinachopima.