Ubatizo Usiorudiwa

Mkristo aliyebatizwa utotoni na Walutheri, akatamani ukubwani kuingia Kanisa Katoliki, aghalabu huuliza kwa wasiwasi iwapo atarudishwa majini. Na jibu ni kwamba hatarudishwa, maadamu alimwagiwa au alizamishwa katika maji halisi, akatamkiwa kwamba anabatizwa kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu, na aliyembatiza alinuia kutenda lile litendalo Kanisa.

Masharti hayo yalizaliwa katika ikhtilafu kali juu ya ubatizo uliotolewa na wazushi. Cyprian, askofu wa Carthage katika Tunisia ya leo, alishika kwamba wazushi, kwa kuwa hawana Roho, hawana cha kumpa mtu, na maaskofu wa Afrika ya Kaskazini waliokutana mwaka 256 wakamwunga mkono; lakini Stefano, askofu wa Roma, akakataa, akisema atokaye kwa wazushi awekewe mikono tu. Cyprian aliuawa kwa ajili ya imani mwaka 258 kabla ya jambo hilo kukatwa, na mtaguso wa Arles wa mwaka 314 ukaelemea upande wa Roma. Aliyeipa hukumu hiyo msingi imara ni Augustino wa Hippo, Mwafrika naye, aliyefundisha kwamba abatizaye hasa ni Kristo, wala dhambi ya mhudumu haiwezi kuinajisi zawadi isiyokuwa yake. Naiona hoja hii kuwa rehema kubwa, kwani lau uhalali ungetegemea usafi wa moyo wa padri au mchungaji, nani kati yetu angelala usiku akiwa na yakini kwamba amebatizwa?

Kwa sababu hiyo hiyo, Wakatoliki hukubali kwamba katika hatari ya kifo mkunga aweza kumbatiza mtoto mchanga, hata akiwa yeye mwenyewe hajabatizwa. Walakini maneno hayachezewi. Mwaka 2020 Roma ilitamka kuwa ni batili ubatizo wa kusema "sisi tunakubatiza", na padri mmoja wa Detroit, Marekani, alipotambua kwamba ndivyo alivyobatizwa utotoni, ikabidi abatizwe, apewe kipaimara, kisha apadirishwe kwa mara ya kwanza iliyo sahihi. Wala maneno peke yake hayatoshi: mwaka 2001 Roma iliukataa ubatizo wa Wamormoni, ijapokuwa wao hulitaja jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, kwa kuwa imani yao juu ya majina hayo si ile ya Utatu.

Wabaptisti wana hoja nyingine, nayo yastahili kusikilizwa kwa taadhima: kwao ubatizo hufuata imani ya mtu mwenyewe, basi wakimzamisha aliyenyunyiziwa maji utotoni, hawahesabu kwamba wamerudia kitu. Ndiyo sababu makanisa 11 ya Ujerumani, Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri wakiwamo, yalipotia saini huko Magdeburg mwaka 2007 kutambuliana ubatizo, Wabaptisti hawakuwamo.

Basi nawasihi wazazi wakihifadhi cheti cha ubatizo cha mtoto, na wachungaji wampokeapo mgeni waulize kwanza ni maji gani yaliyotumika na ni maneno gani yaliyotamkwa, kabla ya kumwambia mtu kwamba hajabatizwa.