Je, Wajua? Kifafa Hujianika Mtu Akilala

Anayepelekwa kupimwa kifafa kwa mashine ya EEG huweza kupewa sharti la ajabu: usiku wa kuamkia kipimo, asilale, au alale kidogo tu. Afike amechoka, abandikwe vyuma vidogo kichwani, kisha asinzie hapohapo. Ndugu waliomsindikiza hushangaa. Wamekuja kutafuta ugonjwa, mgonjwa anakoroma!

Vyuma hivyo havitii umeme kichwani, vinausikiliza tu. Ubongo una seli za neva zipatazo bilioni 86, na mazungumzo yake ni ya umeme hafifu mno. Hans Berger, daktari wa Jena, Ujerumani, aliunasa kwa binadamu mwaka 1924, akachapisha habari zake 1929.

Usingizini ubongo hauzimiki. Hubadili namna ya kuzungumza. Mwaka 2005 Marcello Massimini, Giulio Tononi na wenzao walichapisha jaribio la kuugusa ubongo kwa sumaku kutoka nje ya fuvu. Kwa mtu aliye macho, mwangwi wa mguso ule ulirukia maeneo ya mbali. Kwa aliyezama katika usingizi mzito, ulififia karibu na pale ulipoanzia. Njia zipo zilezile, ila habari haisafiri.

Lakini jirani kwa jirani, seli huamka na kutulia kwa pamoja, mawimbi yakipungua hadi chini ya manne kwa sekunde. Fikiria mnada wa ng'ombe: kila mtu na bei yake, aliye mbali anasikia uvumi tu, lakini umati ukipaza sauti moja, kijiji cha pili kinageuka. Kifafa ni seli nyingi mno kupaza sauti moja, na usingizi mzito huipa nafasi hiyo. Ndipo mashine ya EEG huchora vilele vyenye ncha ambavyo mchana havikuonekana. Ndoto zikianza, seli huachana tena, na vilele kwa kawaida hupungua. Mimi hilo hunifurahisha kuliko mashine yenyewe: anayeota ana kinga kidogo.

Kwa mkazi wa Morotonga, wilayani Serengeti, mashine hiyo haipo jirani. Si mwisho wa safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, akitegemea maelezo ya wagonjwa na jamaa zao, pamoja na fenobarbitali, dawa iliyotumika tangu 1912. Wengi walikuja na makovu ya moto, kwa kuwa watu waliogopa kumgusa aliyeanguka motoni, wakidhani mate yake huambukiza. Mate hayo hayaambukizi kifafa.

Hata leo shahidi mkuu ni anayelala chumba kimoja na mgonjwa. Ulimi uliong'atwa, kitanda kilicholowa, mwili unaouma asubuhi bila sababu: mwelezeni daktari, na simu ikiwepo, rekodini tukio. Kipimo kimoja cha EEG kikitoka safi, hakifuti maelezo hayo.

Kukesha kwa ajili ya kipimo ni kwa agizo la daktari tu, maana kukosa usingizi huchochea kifafa. Basi kwenye matanga, mwenye kifafa akiaga mapema akalale, asinung'unikiwe. Na dawa yake ya usiku aimeze kabla hajalala.