Upakaji wa Rangi Ikaukayo Upesi kwa Rola

Katika ziara za ukaguzi nimezoea kuanza na vitabu vya fedha na kumalizia na majengo, kwa kuwa jengo la chama ni mali ya wanachama sawa na mizani na magunia yaliyomo ghalani. Katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja, nilikuta chumba cha mikutano kimepakwa rangi siku mbili kabla ya Mkutano Mkuu. Hati za malipo hazikuwa na kasoro, na stakabadhi zilikuwapo zote. Lakini kuta zilikuwa na mabaka na mistari mipana, na kila ukuta ulizungukwa na ukanda uliokoza zaidi, mithili ya fremu ya picha. Wanachama waliuliza mkutanoni iwapo Katibu alinunua rangi mbovu. Rangi haikuwa mbovu. Waliopaka hawakuijua tabia yake, na baadaye chama kililazimika kulipa mara ya pili kwa kazi ile ile.

Rangi ninayoizungumzia ni rangi ya maji, itumikayo kwenye kuta za ndani na dari. Hukauka kwa njia mbili kwa wakati mmoja: maji yake hupaa hewani, na mengine hunywewa na plasta. Maji yakipungua, chembe za gundi zilizomo hukaribiana na kushikamana, ukawa utando. Utando huo ukishaanza, hata kama ukuta bado una unyevu ukiugusa, rola ikipita tena juu yake huuchubua na kuacha alama isiyofutika. Katika kiangazi, madirisha yakiwa wazi na upepo ukivuma, dakika chache zatosha kufikia hali hiyo.

Kutokana na hayo, kanuni kubwa ya kazi hii ni kutunza ukingo mbichi: kila rangi mpya iungane na ile ya jirani kabla haijakauka. Wale mafundi wa chumba cha mikutano walizungusha brashi kwenye pembe zote za chumba, wakaenda kula, ndipo wakarudi na rola. Kingo zilikuwa zimekwisha kukauka, na ile fremu ikazaliwa hapo. Ilipasa wafanye kazi wawili wawili: mmoja atangulie na brashi kwa mita moja au mbili tu, mwenzake amfuate mara moja na rola, akiikaribia pembe kadiri awezavyo.

Dari hutangulia, kuta hufuata, ili matone yaangukayo yafunikwe baadaye. Kwa dari iliyo chini ya bati nashauri kazi ianze alfajiri na imalizike kabla ya saa tatu asubuhi. Bati likipata jua, dari huwa kama kikaango, na hakuna fundi awezaye kushindana nalo. Kwa sababu hiyo hiyo, ukuta wa mashariki usipakwe asubuhi wakati jua linaupiga kwa nje. Uachwe hadi alasiri, na ule wa magharibi utangulie. Madirisha yafungwe nusu wakati wa kupaka ili kuzuia upepo, kisha yafunguliwe kazi ikiisha.

Rola yenyewe iloweshwe kwa maji safi na kukung'utwa kabla ya kuanza. Kwa plasta laini, manyoya ya milimita 10 hivi yanafaa. Kwa ukuta wenye chembe, yahitajika marefu zaidi. Ichovywe, izungushwe kwenye trei hadi ienee rangi bila kutiririka. Ukanda wa kwanza uanzie upande wa dirisha, upana wa sentimita 60 hadi 90, kuanzia juu hadi chini. Kwenye dari, kanda zifuate upande mfupi wa chumba. Rangi isambazwe kwanza kwa kwenda na kurudi, kisha ilainishwe kwa mapito mepesi ya upande mmoja, yakiingia kidogo katika ukanda uliotangulia. Kosa la wengi ni kuikandamiza rola iliyokwisha rangi ili kuokoa matone mawili, ichovywe tena. Ukiona sehemu imekosa rangi na imekwisha kushika, iache ingojee mkono wa pili, baada ya saa mbili hadi nne au kama ilivyoandikwa kwenye ndoo. Ukuta usikatizwe katikati. Kama ni chakula cha mchana, kiliwe kwenye pembe, yaani ukuta mmoja ukisha.

Ukuta unaokunywa maji mno hupewa mkono wa kwanza uliozimuliwa kwa maji kiasi cha sehemu moja kwa kumi. Chokaa ya zamani inayoacha unga mkononi lazima ikwanguliwe, la sivyo rangi itabambuka pamoja nayo. Plasta mpya ingoje majuma manne hivi. Rangi ya mafuta ya zamani isipigwe msasa mkavu, kwa maana huenda ina madini ya risasi. Msasa uloweshwe, na watoto wasiwepo.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo fedha za wanachama hupotea kimya kimya. Chukulia ofisi ya mita 5 kwa 4, kimo mita 3. Kuta ni mita za mraba 54. Toa mlango na madirisha mawili, hubaki kama 48. Dari ni 20. Jumla 68, na kwa mikono miwili ni 136. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 za plasta laini, hivyo zahitajika lita 14 hivi. Ndoo moja ya lita 20 yatosha hata kama ukuta una ukali kidogo. Fundi akileta orodha ya ndoo tatu, Ndugu Katibu, mwombe akuonyeshe vipimo kabla ya kamati kuidhinisha masurufu. Kazi ikihitaji ndoo nyingi, zichanganywe kwanza katika pipa moja safi, kwa kuwa ndoo za rangi moja huweza kutofautiana kidogo. Rangi itakayobaki ifunikwe vizuri, iingizwe katika leja ya vifaa kwa lita, na rola zioshwe kwa maji siku hiyo hiyo.