Usenet: kuisoma kwa kivinjari au kwa programu yake

Tarehe 22 Februari 2024 Google ilikata uhusiano wake na Usenet, mfumo wa makundi ya mijadala. Kuanzia siku hiyo, aliyezoea kuingia Google Groups kwa kivinjari ili kusoma na kuandika kwenye makundi yake, yenye majina yanayoanza na comp, sci, rec au soc, hakuweza tena kutuma neno wala kuona ujumbe mpya. Alibaki na kumbukumbu za zamani tu, za kutafuta na kusoma. Wengi waliamini kwamba Usenet yenyewe imekufa. Siku hiyohiyo, waliokuwa wakisoma makundi yaleyale kwa programu kama Thunderbird, Pan au slrn walikuta mijadala inaendelea palepale walipoiacha. Walichokiona kimebadilika ni kwamba taka za matangazo zimepungua sana.

Makundi yalikuwa mamoja na maandishi yalikuwa mamoja. Kilichowatenganisha watu hawa ni chombo walichosomea. Naona jambo hili linamhusu kila anayejadiliana na wenzake mtandaoni, hata yule ambaye ndiyo kwanza analisikia jina la Usenet leo, kwa hiyo nitalieleza tangu chanzo chake.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina nchini Marekani. Steve Bellovin, wa chuo jirani cha Chapel Hill, ndiye aliyeandika programu ya kwanza. Intaneti kama tunavyoijua haikuwapo. Kompyuta moja ilimpigia mwenzake simu kwa modemu, mara nyingi usiku ambapo gharama ilikuwa nafuu, zikapeana jumbe mpya, kisha zikakata. Kila moja ilihifadhi nakala yake na kumpelekea jirani anayefuata. Hapakuwa na makao makuu, na mpaka leo hayapo. Kila ujumbe una kitambulisho chake ambacho hakifanani na kingine chochote duniani. Seva inamuuliza jirani, huu unao? Akisema hana, anapewa. Ndani ya ujumbe wenyewe kuna mstari unaoorodhesha seva zote ulikopitia, na ukiusoma unaiona safari nzima.

Mwaka 1986 Brian Kantor na Phil Lapsley walitoa itifaki ya NNTP, yaani kanuni za jinsi programu ya msomaji inavyozungumza na seva. Kanuni hizo zilifanyiwa marekebisho mwaka 2006, lakini uti wa mgongo wake haujabadilika. Ziko wazi kwa kila mtu. Yeyote anaweza kuandika programu ya kusomea, na yeyote anaweza kuendesha seva, bila kuomba ruhusa ya kampuni yoyote.

Tuyatazame mazungumzo hayo kwa karibu, kwa sababu ndiyo yanayofafanua karibu kila tofauti nitakayoitaja. Programu inaingia kwenye seva, inatuma neno GROUP na jina la kundi. Seva inajibu kwa mstari mmoja tu: namba 211 ya kuashiria kwamba kundi limepatikana, idadi ya jumbe zilizopo, namba ya ujumbe wa kwanza, namba ya wa mwisho, na jina la kundi. Basi. Programu inalinganisha namba hizo na faili dogo lililo kwenye kompyuta yako. Katika programu za jadi faili hilo huitwa .newsrc, na mstari wake mmoja unaweza kusomeka hivi:

comp.lang.c: 1-48210,48215

Maana yake, umeshasoma ujumbe wa kwanza hadi wa 48210, ukaruka nne, ukasoma wa 48215. Ukifungua kundi kesho, utaonyeshwa zile nne ulizoziruka na mpya zilizoingia, basi. Kumbukumbu ya ulichosoma ni faili lako. Unaweza kulinakili, kulihamishia programu nyingine, au kulifungua kwa kihariri cha kawaida na kulirekebisha kwa mkono.

Baada ya hapo programu inaomba muhtasari: kichwa cha habari, mwandishi, tarehe, ukubwa, na kitambulisho cha kila ujumbe pamoja na vitambulisho vya jumbe unazozijibu. Hicho cha mwisho ndicho kinachojenga uzi. Kila jibu limebeba orodha ya wazazi na mababu zake, kwa hiyo programu inaweza kuchora ukoo wote wa mjadala, nani kamjibu nani, hata kama katikati mtu kabadilisha kichwa cha habari. Majibu mia mbili yanapangika vizuri, na tawi lililogeuka kuwa ugomvi unalifunga kwa kubofya kitufe kimoja.

Halafu kuna uchujaji, ambao mimi nauona kuwa nusu ya thamani ya programu hizi. Mwaka 1984 Larry Wall, ambaye baadaye aliiumba lugha ya Perl, alitoa programu ya kusomea iitwayo rn. Msomaji aliweza kuiambia isimwonyeshe tena mada fulani au mwandishi fulani. Waliofuata wakaenda mbali zaidi. Katika slrn na Gnus unatoa alama: huyu mpe alama za juu, mada ile ishushe, matangazo ya biashara yafute kabisa, na yeyote atakayenijibu mimi mweke juu hata kama kwa kawaida nimemficha. Hakuna anayejua kwamba umemzuia. Kanuni ni zako, umeziandika mwenyewe, na unaweza kuzisoma neno kwa neno ukajua kwa nini ujumbe fulani hukuuona. Kwenye ukurasa wa wavuti, upangaji huo unafanywa na mwenye tovuti, na sababu zake hazionekani.

Hata hivyo wavuti ilifanya kazi kubwa, na ni haki isemwe. Seva za kawaida hazikuhifadhi jumbe milele. Baada ya siku au wiki kadhaa zilifuta za zamani ili kupata nafasi. Mwaka 1995 kampuni ya Deja News, huko Texas, ilianza kuzihifadhi na kuziweka kwenye tovuti yenye uwezo wa kutafuta. Februari 2001 Google iliinunua hazina hiyo, na mwishoni mwa mwaka huo ikaongeza jumbe za tangu 1981. Nyingi kati ya hizo ziliokolewa kutoka kwenye kanda 141 za sumaku ambazo Henry Spencer, wa idara ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Toronto, alizikusanya kwa miaka kumi. Bila kazi ile, msomaji wa leo asingeweza kufungua tangazo la Linus Torvalds la tarehe 25 Agosti 1991 katika comp.os.minix, alipowaambia wenzake kwamba anaandika mfumo endeshi. Wala asingeona jinsi Tim Berners-Lee alivyoieleza wavuti katika alt.hypertext mwezi uleule. Kwa kutafuta mambo ya kale, kivinjari hakina mpinzani. Na mtu anayetumia kompyuta ya intaneti kafe hawezi kusakinisha programu na kuweka mipangilio. Ukurasa wa wavuti ndio ulimpa nafasi ya kushiriki.

Tatizo lilianza pale ukurasa ulipowaficha watu mahali walipo. Wengi walioingia kwa Google Groups hawakujua kwamba nyuma ya ukurasa kuna mfumo wenye wasomaji wanaotumia seva na programu nyingine. Waliamini kundi ni mali ya Google. Mtu alitafuta swali, akaangukia ujumbe wa miaka kumi nyuma, akamjibu aliyeuandika. Yeye kwenye skrini yake aliona uzi mmoja uliokamilika. Wengine waliolipokea jibu lake kwa programu waliliona linaning'inia peke yake, kwa sababu swali lenyewe lilishafutwa zamani kwenye seva zao. Kisha kwa kipindi fulani ukurasa ukawa unaingiza mstari mtupu kati ya kila mistari miwili ya maneno yaliyonukuliwa. Kila jibu lilizidisha nafasi hizo, hadi aya ya mistari minne ikatanuka kuwa ukurasa mzima wa utupu. Aliyetuma hakuliona hilo, waliopokea waliona.

Halafu zikaja taka. Kufungua akaunti kulikuwa rahisi, udhibiti ulikuwa hafifu, na katika miezi ya mwisho ya 2023 makundi mengi ya kiufundi yalifurika matangazo. Wasomaji wa programu walijibu kwa kanuni moja kali: kila ujumbe ambao kitambulisho chake kina googlegroups.com usionekane. Ilifanya kazi. Lakini mwanafunzi aliyekuja na swali la kweli kuhusu C au Lisp naye alizibwa pamoja na wauza kamari, bila kujua ni kwa nini hajibiwi. Hili ndilo linaloniumiza zaidi katika habari hii yote, kwa sababu huyo ndiye hasa mtu ambaye Usenet ilihitaji kumkaribisha.

Kosa si la wavuti yenyewe. Jumuiya ya lugha ya programu ya D ina tovuti ya mijadala iliyojengwa juu ya NNTP. Ujumbe unaouandika kwenye kivinjari unamfikia msomaji wa programu ukiwa umepangika sawasawa, na wake unakufikia vilevile. Kila upande unajua kwamba upande mwingine upo. Tovuti ya aina hiyo ikianguka kesho, jumbe zinabaki kwenye seva na wenye programu wanaendelea. Jambo kama hilo liliwahi kuikuta Gmane, huduma iliyoanzishwa na Lars Ingebrigtsen wa Norwei mwaka 2002 ili barua za vikundi ziweze kusomwa kwa NNTP. Kurasa zake za wavuti zilizimwa mwaka 2016. Upande wa NNTP ulisalimika, na mwaka 2020 ukahamia anwani mpya, bado unafanya kazi.

Kwa msomaji wa kwetu kuna suala la bando pia. Ujumbe wa mistari arobaini ni kilobaiti chache tu. Ukurasa wa kawaida wa wavuti siku hizi, pamoja na picha na hati zake za nyuma ya pazia, hupita megabaiti mbili. Programu inavuta maandishi matupu, na nyingi zinaweza kupakua kundi zima ukiwa na mtandao ili usome baadaye, umeme ukiwa umekatika au ukiwa safarini. Majibu unayoyaandika yanasubiri kwenye foleni hadi uunganishwe tena. Mtindo huu si mgeni katika kanda yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla intaneti kamili haijafika, mashirika jijini Nairobi yalikuwa yakibadilishana barua na dunia kupitia FidoNet, kwa simu na modemu, kompyuta zikikusanya jumbe na kuzituma kwa mkupuo. Kusoma kwa kivinjari ni sawa na kusoma gazeti kwa kusimama mbele ya meza ya muuzaji: unaona alichokianika, kwa muda anaokuvumilia. Kwa programu, gazeti unakwenda nalo nyumbani.

Programu zina udhaifu wake. Kuanza kunahitaji mipangilio kidogo, kwenye simu chaguo ni chache, na historia ya nyuma unayoipata inategemea seva yako inahifadhi kwa muda gani. Kwa hiyo ushauri wangu ni kuvitumia vyote viwili, kila kimoja mahali pake: kivinjari kwa kutafuta yaliyopita, programu kwa mazungumzo ya kila siku.

Ukitaka kujaribu, Thunderbird inatosha, na huenda tayari unayo kwa ajili ya barua pepe. Jisajili kwenye seva ya Eternal September, ambayo ni ya bure na hubeba makundi ya maandishi tu. Kwenye Thunderbird ongeza akaunti mpya ya aina ya makundi ya habari, si ya barua. Weka jina la seva, jina lako la mtumiaji na neno la siri, kisha chagua muunganisho uliosimbwa, ambao kwa kawaida hutumia mlango namba 563 badala ya ule wa zamani wa 119. Orodha ya makundi ikishuka itakuwa ndefu mno; usiogope, andika neno moja kwenye kisanduku cha kutafuta na ujiunge na mawili au matatu tu. soc.culture.african limo, na comp.lang ina makundi ya lugha nyingi za programu.

Anwani utakayoiweka kama mtumaji itasomwa na kila mtu, pamoja na mashine zinazovuna anwani. Wazoefu huweka inayoishia na .invalid, mwisho ambao umetengwa rasmi ili usiwe kamwe wa anwani halisi. Soma kundi kwa siku chache kabla ya kuandika. Unapojibu, acha mistari michache unayoijibu, futa mingine, na andika chini yake. Ujumbe wako wa kwanza usiupeleke kwenye mjadala wa watu. Yapo makundi ya majaribio, misc.test likiwa mojawapo, na hapo hakuna atakayekasirika ukituma mara tatu.