Jiwe Nyuma ya Gurudumu

Sisi watu wa pwani twaijua nanga. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa hana haja ya kuambiwa kwamba nanga haishiki chombo kwa uzito wake peke yake. Hushika kwa kucha zake zilizozama mchangani, na kwa amari iliyoachiwa ndefu ya kutosha. Chombo chenye nanga nzuri na amari fupi huiburuta nanga yake hata kwa upepo mdogo. Jambo hilo nilikumbushwa Nairobi, mbali na bahari.

Nilikwenda huko kumtazama mpwa wangu, na siku ya Ijumaa akanichukua kwa gari lake tukasali Makina, mtaani Kibera. Msomaji asiyefika huko yafaa ajue kwamba Uislamu si mgeni Kibera. Wakazi wake wa mwanzo walikuwa Wanubi, askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudani, waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mtaa latokana na neno lao lenye maana ya msitu. Leo msitu haupo tena. Kuna mabati, vichochoro na miteremko.

Katika mteremko mmojawapo ndipo kijana alipoliegesha gari. Kwa haraka ya kuiwahi khutba aliiacha gia huru, akavuta breki ya mkono, tukashuka. Hatujafika hatua kumi nikasikia makelele. Gari lilikuwa likirudi nyuma polepole, kama mtu anayenyata, na huko chini watoto walikuwa wakicheza gololi. Hamali mmoja aliyekuwa akipita na mkokoteni akaokota jiwe, akalisukuma nyuma ya gurudumu. Gari likasimama. Watoto hata hawakuinua vichwa, lakini mimi magoti yalinilegea.

Nilistaajabu, kwani breki za gari hilo ndizo anazojivunia mpwa wangu. Ni Toyota kuukuu ya gia otomatiki, isukumwayo kwa magurudumu ya nyuma, naye ana hamu ya kuiingiza katika yale mashindano ya mbio fupi yaliyoenea kutoka Marekani. Magari mawili husimama sambamba, taa ikiwaka kijani hufyatuka katika njia iliyonyooka ya robo maili, yaani mita 402. Dereva wa gari la otomatiki hukanyaga breki kwa mguu mmoja na mafuta kwa mguu wa pili, ili taa inapowaka injini iwe imekwisha kukusanya nguvu. Breki isiposhika, gari huvuka mstari kabla ya wakati, na safari imeharibika. Kwa ajili hiyo alikuwa amenunua viatu vya breki vya mashindano, tena kwa fedha nyingi.

Kesho yake tukavuka Ngong Road hadi Kawangware, kwa fundi mmoja wa jua kali, mtu mzima wa maneno machache. Aliliinua gari kwa jeki, akafungua ngoma za breki za nyuma, akapitisha kidole ndani na kunionyesha. Kidole kiling'aa mafuta. Sili ya ekseli ilikuwa imekufa.

"Mzee wangu," akaniambia, "hapa hata ungetia viatu vya dhahabu visingeshika."

"Lakini mjomba, hivyo ni vya mashindano!" mpwa wangu akalalamika, akiniangalia mimi.

Fundi ndiye aliyejibu. "Mashindano gani? Hivi ni vya gari linalofunga breki kila kona. Hushika vizuri vikishapata moto. Wewe unasimama mstarini breki ikiwa baridi. Kusimamisha gari ni kazi moja, kulishikilia lililosimama ni kazi nyingine."

Kijana akauliza kama isingefaa kutia masta silinda nyembamba zaidi. Fundi hakukataa. Mguu uleule ukisukuma pistoni ndogo, kani ya mafuta ya breki huzidi: ukitoka silinda ya milimita 25.4 hadi ya 22.2, waongeza kiasi cha asilimia 30. Lakini hakuna cha bure. Pedali nayo itashuka zaidi kwa kadiri hiyohiyo, na viatu vikiwa mbali na ngoma, itafika sakafuni kabla breki haijakaza. Kwa hiyo kwanza ni usafi, kisha marekebisho, na mwisho ndipo ununuzi. Kijana alikuwa ameanzia mwisho.

Fundi akabadilisha sili, akasafisha ngoma, akatia viatu vipya vya kawaida kwa kuwa vile vya ghali vilikuwa vimekwisha kunywa mafuta. Akavisogeza mpaka gurudumu likizungushwa kwa mkono lisikike likikwaruza kidogo tu, na baada ya hapo ndipo alipokaza waya wa breki ya mkono. Akaingia garini, akatia gia, akabana breki na kukanyaga mafuta kwa sekunde chache. Gari likatetemeka lote lakini halikusogea. Hakuzidisha, kwani nguvu isiyopata pa kwenda hugeuka moto ndani ya mafuta ya gia.

Halafu akalipeleka mlimani, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akaacha nafasi ya vidole viwili. Akavuta breki ya mkono, akaiacha gia huru, akashuka. Tukangoja. Gurudumu halikuligusa jiwe. Akaliokota, akampa mpwa wangu mkononi.

"Liweke kwenye buti," akasema. "Hilo ni shahidi wako."

Nimerudi nyumbani nikiwaza juu ya wale watoto wa gololi. Nawe msomaji mwenye gari, ukiegesha mlimani, tia gia, vuta breki, geuza gurudumu ili gari likiteleza lielekee ukingo wa barabara. Na kama breki yako yateleza, usikimbilie duka la vipuri. Fungua kwanza utazame ndani. Nahodha mwenye akili huikagua amari kabla hajailaumu nanga.